Kengele ya Kivulini

Kengele ya Mzee Tavita ilikataa kulia.

Mwasiti Wilondja alisubiri. Kutoka mwezini hadi Pago Pago, kisiwani kwa mzee, na kurudi, sauti huchukua karibu sekunde tatu, na ndani ya sekunde hizo mtu hudhihirisha tabia zake zote. Wapo wanaouma kucha. Wapo wanaoanza kujitetea kabla hawajajibiwa. Mwasiti yeye aliikodolea macho ile bangili ya kijivu mkononi mwa mzee, kule kwenye kioo, kama mtu anayekitazama chungu kisichotaka kuchemka.

"Nitasema tena," alisema. "Mzee Tavita anasema hivi. Kisiwa chake kiko chini ya bendera ya Marekani, lakini wanaozaliwa pale si raia kwa kuzaliwa, na wengi wao wameridhika iwe hivyo. Ardhi yao ni ya ukoo na haiuzwi kwa mgeni. Mahakama ikisema leo kwamba mtoto aliyezaliwa mwezini, chini ya bendera hiyohiyo, ni raia, kesho itasema vivyo hivyo kisiwani kwake. Katiba nzima itaingia kwa mlango huo, na sheria ya ardhi ya ukoo itaanguka. Je, nimekusemea?"

Zikapita sekunde tatu. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Maneno yangu yote umeyasema, binti yangu. Sijui kwa nini haitaki."

Karani wa mazungumzo, aliyekuwa Washington na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alitangaza kwamba kikao cha pili kimekwisha bila kengele, na kwamba kimebaki kimoja.

Kengele hizo zilizaliwa na uchovu. Wamarekani walikuwa wamepigana makelele miaka mingi mpaka ndugu wa tumbo moja wakashindwa kula meza moja, kila upande ukiwa na Katiba yake ingawa karatasi ni ileile. Ndipo mafundi wakatengeneza bangili inayosikiliza mapigo ya moyo, pumzi, jasho, na ule ulegevu mdogo unaomjia mtu anapoona ameeleweka. Uso hudanganya, ulimi ndio usiseme, lakini mwili haujui adabu hizo. Ikatungwa sheria: kesi ya Katiba haifiki kwa majaji wakuu mpaka mwenye kesi azungumze na mtu atakayeumia kesi hiyo ikishinda. Na hoja yako haiingii kwenye kumbukumbu kwa kinywa chako. Huingia kwa kinywa cha mpinzani wako, pale tu kengele yako inapolia kwamba amekusemea sawasawa. Majaji husoma hayo na si mengine. Wanasiasa waliichukia sheria hiyo tangu siku ya kwanza, jambo ambalo kwa wananchi wengi lilikuwa sifa ya kutosha.

Vikao ni vitatu. Cha tatu kikipita kimya, faili hufungwa na sheria ya zamani inabaki kama ilivyo. Na kwa sheria ya zamani, Faila, binti wa Mwasiti, hakuwa wa nchi yoyote.

*

Kituo chenyewe kilikaa ukingoni mwa shimo kubwa ambalo jua halijawahi kufika chini yake, ndiyo maana wafanyakazi wa kwanza, waliokuwa wengi wao Waswahili wa Ohio, wakakiita Kivulini. Kule chini kulikuwa na barafu. Barafu ilichimbwa, ikapandishwa, na Mwasiti ndiye aliyeiyeyusha. Kazi ya miaka yote hiyo ilikuwa kugeuza mawe machafu kuwa maji ya kunywa, na aliifanya vizuri, ila hakuwahi kuzoea kuyaona maji yakitoka kwenye bomba tu, bila wingu.

Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, mama yake akiwa amevuka ziwa kutoka Fizi, Kongo, naye yumo tumboni. Alikua Dayton, Ohio, akiwa na kadi ya ukaazi. Akakubali kuja mwezini kwa sababu aliambiwa miaka ya kazi itahesabiwa kwenye maombi yake ya uraia. Haikuhesabiwa. Kumbe mwezi, kwa macho ya sheria, si ndani ya Marekani, hata kama bendera imechorwa kwenye kila mlango. Aliolewa hapohapo na fundi wa kuchomelea kutoka Lubumbashi, mtu mpole aliyeimba akifanya kazi, akafia kazini kabla mtoto hajazaliwa. Ubalozi wa Kongo uliombwa umwandikishe mtoto. Ukajibu kwa heshima zote kwamba mtoto aletwe mwenyewe. Ili aletwe alihitaji hati ya kusafiria, na ili apate hati ilibidi aandikishwe.

Sasa barafu ya karibu ilikuwa imekwisha na kituo kinafungwa. Kila mtu angerudishwa kwao. Faila, asiyekuwa na kwao, angepelekwa Kituo cha Kungojea, kwenye kisiwa kimoja cha joto, mpaka nchi fulani imtamani. Mama yake aliruhusiwa kumfuata akitaka. Walitumiwa picha: vitanda safi, feni darini, uwanja wa mpira. Mwasiti alizitazama picha hizo mara moja, akazifunga. Kambi ni kambi hata ikipakwa rangi.

Siku ya Jumapili, kwa kalenda ya Dayton, Bibi Esperansi, mama yake Mwasiti, alipiga simu. Alikuwa amesimama mlango wa nyuma, kichwani kitambaa cha kijani, na nyuma yake mvua inanyesha.

"Ngoja," alisema kabla hata ya salamu, akaunyoosha mkono wenye simu uwanjani.

Mwasiti akafumba macho. Mvua ya Ohio haina makeke, hunyesha kama mtu anayeongea peke yake, na sauti yake juu ya pipa la bati ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Alitamani kulowa. Alitamani kufua nguo halafu mvua izikute kambani, akimbie akizikusanya huku analaani. Alitamani harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikichemka na mama yake akilalamika kwamba chumvi imepunguzwa. Hakuna mtu aliyemshika bega kwa upendo tangu mumewe alipofariki, isipokuwa mtoto, na mtoto ni wa kushikwa, si wa kukushika.

"Umesikia?" Bibi alirudisha uso wake kwenye simu.

"Nimesikia, mama."

"Kitanda nimekinunua. Nimekitandika. Huyu mgeni wangu yuko wapi?"

Faila alisogea kwenye kioo. Alikuwa na miguu mirefu kupita umri wake, kama watoto wote waliokulia mahali ambapo uzito ni kidogo, na alitembea kama anayekaribia kuruka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Hiyo fulana unavaa?"

"Navaa," alisema Faila, bila kumtazama mama yake. Fulana ya uzito ilikuwa na vyuma mbele na nyuma, na kila aliyezaliwa Kivulini alitakiwa kushinda nayo ili miguu izoee uzito wa Dunia. Mwasiti alikuwa ameikuta mvunguni mwa kitanda asubuhi ileile, imekunjwa vizuri. Hakusema kitu. Alidhani ni uvivu wa kitoto.

"Vumilia. Huku ni kuzuri, utaona. Nitakutoa nje, utakanyaga matope mpaka hapa." Bibi alionyesha magotini.

Faila alifikiri. "Matope ni ya nini?"

Wale wanawake wawili walicheka mpaka Mwasiti akafuta machozi kwa kiganja. Faila aliwatazama mmoja mmoja, akingoja wamalize, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kucheza.

*

Wakili aliyepangiwa Mwasiti alikuwa Bi Prewitt wa Cincinnati, mwanamke kijana mwenye kasi ya kuongea, ambaye sekunde tatu zilimtesa kuliko mtu yeyote.

"Nisikilize vizuri," alisema siku moja kabla ya kikao cha mwisho. "Yule mzee ana dada aliyezikwa mbele ya nyumba. Desturi yao ni hiyo, kaburi linakaa uwanjani, watoto wanacheza pembeni. Alikueleza mwenyewe, siyo?"

"Alinieleza."

"Basi anza na kaburi hilo. Mwambie anaogopa mgeni atakinunua kiwanja kile na kukijengea hoteli. Usiguse hoja, mguse moyo. Atalegea, na kengele italia. Kengele haijui tofauti ya kueleweka na kuliwazwa, mtu akijua pa kubonyeza. Imeshafanyika."

"Halafu majaji watasoma nini?"

"Watasoma mzee anayelilia kaburi la dada yake. Watamhurumia, halafu watampa mtoto wako uraia."

Ubaya wa ushauri ule ni kwamba ulikuwa mzuri. Na ubaya zaidi, ambao Bi Prewitt hakuujua, ni kwamba Mwasiti alikuwa ameshaifahamu hoja ya Mzee Tavita. Siyo ile aliyoisema, ile yenyewe. Ilimjia kwenye kikao cha pili, karani akitangaza mwisho, na ilikuwa nzito kuliko zote walizowahi kubadilishana. Mzee hakuwa ameipatia maneno, ndiyo maana kengele yake ilikuwa bubu. Maneno alikuwa nayo Mwasiti, kwa sababu aliyapata kambini.

Zamani, yeye akiwa mgongoni, mama yake alipanga foleni mbele ya ofisa aliyekuja na gari la blanketi. Mama akamwambia kwamba blanketi analo, anachotaka ni ruhusa ya kutoka nje ya kambi akalime. Mkalimani akatafsiri. Ofisa akatabasamu na kumpa blanketi. Walipofika Dayton ndipo mama alipokuja kusoma kwenye karatasi zao maelezo yake ya siku ile: ameomba blanketi la pili. Kila Mwasiti alipokumbuka hadithi hiyo alisikia aibu, ingawa aibu haikuwa yake.

"Nimekuelewa, Bi Prewitt," alisema mwishowe.

"Utafanya hivyo?"

Sekunde tatu zikapita, zikaongezeka nyingine, na safari hii si kwa sababu ya umbali.

*

Desturi iliwaruhusu kuzungumza kidogo kabla kengele hazijawashwa. Mzee Tavita Leota alikaa barazani kwake akiwa na shati lenye maua na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifundisha historia miaka mingi, akastaafu, na sasa alikuwa msemaji wa ukoo wao mbele ya watu. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi ya bibi yake.

"Umelala vizuri?" aliuliza mzee.

"Sikulala, mzee. Na wewe?"

"Wazee hatulali, tunafumba macho tu." Alitabasamu. "Nilikuwa nafikiri jambo. Tumeongea habari za mtoto wako vikao viwili. Mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Mtoto ni mtoto, mzee. Anataka anachotaka mama yake."

"Hata sisi tunasema hivyo," alisema mzee. "Mpaka wanapokua."

Karani akakohoa, na bangili zikawaka.

Mwasiti ndiye wa kwanza. Nyuma yake, kwenye benchi la chuma, Faila alikuwa amekaa akichezesha miguu hewani. Mwasiti hakuwa na haja ya kugeuka kumwona. Alimsikia.

"Mzee Tavita ana dada," alianza. "Amezikwa mbele ya nyumba, hatua chache kutoka mlangoni. Watoto wa ukoo huegemea kaburi lake wakisoma."

Sauti ilisafiri. Kisha akaona macho ya mzee yakishuka, na kwenye bangili yake taa ndogo ikaanza kutetemeka, ile taa inayotangulia kengele. Ilikuwa imebaki sentensi moja tu. Hoteli, mgeni, fedha, basi. Faila angelala kwenye kitanda kilichotandikwa Dayton, na mkono wa bibi yake ungemgusa shavu.

Mwasiti aliiondolea macho ile taa.

"Samahani," alisema. "Naanza upya."

Kwenye kioo cha pembeni Bi Prewitt alishika kichwa. Karani akaandika kwamba msemaji ameanza upya.

"Mzee Tavita haogopi uraia. Hata ardhi ni mfano tu wa anachokiogopa. Anasema kuna zawadi isiyokataliwa, na zawadi isiyokataliwa ni amri. Wazee wake walikaa na Wamarekani wakakubaliana: ninyi mtatulinda, na sisi tutabaki kuwa sisi. Lilikuwa neno la pande mbili. Baadaye mahakama ikaja na maneno yake, ikasema visiwa kama hivyo ni mali ya Marekani lakini si sehemu yake, na maneno hayo yalikuwa tusi. Mzee anajua ni tusi. Lakini ndani ya tusi hilo watu wake walijipatia pembe ya kukaa, wakapanga mambo yao. Sasa naja mimi na mtoto mgongoni, naiomba mahakama iseme kwamba bendera ikishasimama mahali, kila anayezaliwa chini yake ni wa mwenye bendera. Haulizwi. Sheria zote zinamfuata, hata zile nzuri, na hizo nzuri ndizo ngumu kuzikataa. Mimi nasema hiyo ni huruma. Yeye anasema mataifa mengi yamemezwa na watu wenye huruma. Mwezi wenyewe mataifa yalikubaliana usiwe wa mtu, na hoja yangu inaugawa mlingoti kwa mlingoti. Anasema kwamba mimi, nikimtafutia mwanangu nchi, nawapa majaji kisu cha kuwanyang'anya wengine ya kwao. Na anasema haya bila kumchukia mwanangu. Je, nimekusemea?"

Hakuwahi kusema maneno yaliyomgharimu hivi.

Kengele ililia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kawaida, kama ya baiskeli. Mzee Tavita aliivua miwani yake akakaa nayo mkononi.

"Miaka yote hii," alisema. "Sikujua ndicho nilichokuwa nikisema."

Karani akasema zamu imegeuka. Mzee alikuwa amejaribu kumsemea Mwasiti mara nne katika vikao viwili vilivyopita. Alisema anataka haki. Alisema anataka huruma. Alisema anataka anachotaka mama yeyote. Bangili ya Mwasiti haikutikisika, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini, kwa sababu yote yale alikuwa anayataka.

Mzee angeweza kusema kitu chepesi na kunyamaza, hoja yake nzito ikiwa imeshaingia kwenye kumbukumbu. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Nilifundisha Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba tangu kijana," alisema. "Kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mahakama kuu ilisema mtu mweusi, hata azaliwe pale, hata azeekee pale, hawezi kuwa raia. Vita vikapiganwa. Wakaandika kwamba wote waliozaliwa Marekani, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia. Miaka mingine ikapita, mpishi mmoja mzaliwa wa San Francisco, mtoto wa Wachina, akazuiwa bandarini akirudi nyumbani, na mahakama ikabidi iseme: kazaliwa hapa, ni wa hapa. Niliwafundisha kwamba ni zawadi kubwa. Nilikosea, na mama huyu hajawahi kusema ni zawadi. Yeye anasema ni kufuli. Waliandika 'waliozaliwa'. Hawakuandika waliostahili wala waliokubaliwa, ili yeyote atakayekalia kiti cha utawala asiweze kwenda kukaa mlangoni na kuamua nani aombe." Aliigeuza miwani mkononi. "Mama yake aliomba kambini, alinisimulia. Yeye amepanga foleni tangu hajajua kusema. Hamwombei mtoto wake kitu. Anataka katika ukoo wao awepo mtu mmoja, mmoja tu, ambaye hakuomba. Je, nimeku..."

Bangili ya Mwasiti ilikuwa imeshalia. Alikuwa analia na yeye, bila sauti, kwa kuwa hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, hata nafsi yake.

Karani alifunga kumbukumbu. Alisema majaji watazisoma hoja zote mbili na jibu litatoka kabla ya chombo cha kurudi kuondoka. Akaaga. Kisha, kinyume cha taratibu, akaiacha njia wazi kidogo.

"Unadhani watafuata ipi?" aliuliza Mzee Tavita.

"Sijui, mzee. Ningekuwa jaji, leo nisingejua."

"Na mimi vilevile." Alivaa miwani. "Ukipita Pago Pago, kuna mkeka. Hauhitaji sheria."

"Nikipita nitaukalia," alisema Mwasiti, na wote wawili walijua hatapita.

*

Chumba chao kilikuwa kimeshafungwa nusu. Vyombo vya jikoni vilikuwa kwenye masanduku, picha ya fundi wa kuchomelea imefungwa kwenye kanga, na ukutani yalibaki madoa ya gundi. Mwasiti alikaa kitandani. Aliuhisi mwili wake mwepesi, wepesi wa kweli, si ule wa mwezini. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijiruhusu kuufikiria mlango wa nyuma wa Dayton bila kuogopa.

"Mama, nipe bangili," alisema Faila.

"Ya serikali hiyo."

"Kidogo tu. Sisi tunachezaga na za maboksi, hii ni ya kweli."

Watoto wa Kivulini walikuwa na mchezo wao wa kusemeana. Mmoja humsemea mwenzake, na mwenzake akiridhika hupiga kengele kwa mdomo. Mwasiti aliivua bangili akaizungusha kwenye ule mkono mwembamba mpaka ikakaza.

"Haya. Nisemee," alisema Faila, akakaa sakafuni mbele yake.

"Umeshasikia kengele za kutosha leo."

"Nisemee mimi."

Mwasiti akatabasamu. Aliketi vizuri, akaiga sauti ya karani. "Faila Wilondja anasema hivi. Anataka kwenda Dayton akamwone bibi yake. Anataka kushikwa na bibi, alale kwenye kitanda kipya, asikie mvua. Je, nimekusemea?"

Bangili ilinyamaza.

"Haya. Anataka kwenda shule yenye watoto wengi. Anataka kuona mbwa."

Kimya. Faila alimtazama, si kwa utundu. Alimtazama kama Mzee Tavita alivyomtazama kwenye kikao cha pili.

"Anaogopa fulana. Anaogopa miguu itamuuma," Mwasiti alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungukiwa na mchezo. Taa haikutetemeka. "Labda imeharibika. Imelia sana leo."

"Haijaharibika, mama."

Mwasiti akanyoosha mkono kuivua, akauacha mkono njiani. Alikumbuka fulana iliyokunjwa vizuri mvunguni. Mvivu hakunji. Alikumbuka mtoto akingoja wanawake wawili wamalize kucheka. Matope ni ya nini? Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua kwa nini atolewe kwao apelekwe penye matope. Na alikumbuka jibu alilompa mzee alipoulizwa mtoto anasemaje, kwa haraka, bila kugeuka nyuma kwenye benchi.

Alishuka kitandani akakaa sakafuni, magoti yao yakagusana. Nje ya dirisha dogo ukingo wa shimo ulikuwa unang'aa, ukiwa mkavu, bila kitu juu yake, na ndiyo mandhari pekee ambayo mtoto huyu aliwahi kuamka akaiona. Kituo kingezimwa taa baada ya chombo kuondoka. Hakuna jaji ambaye angeweza kulibadili hilo.

"Faila anasema," alianza, na ilibidi aanze tena. "Faila anasema hataki kuondoka. Dayton ni kwa mama yake. Yeye amezaliwa hapa, ni wa hapa. Na hakuna aliyemuuli..."

Kengele ililia. Kati ya mkono wa mtoto na sikio la mama hapakuwa na sekunde tatu za kujifichia.